Jasmine wa Katuni na Mabinti Sultani wa Kweli



Sidhani kama kuna mmoja wetu asiyemjua Jasmine, yule binti sultani wa katuni ya Aladdin. Filamu ilitoka Marekani Novemba 1992 na mwaka ule hakuna filamu iliyoingiza pesa nyingi zaidi yake duniani. Watoto wetu wanaijua mpaka leo. Wasichojua ni kwamba watazamaji waligombana juu yake tangu mwanzo, na ugomvi wenyewe unatuhusu sisi wanawake wa Kiislamu.

Tuanze na asili. Hadithi ya Aladdin tunaihesabu katika Alfu Lela Ulela, lakini haimo katika hati zake kongwe za Kiarabu. Mfaransa Antoine Galland alisimuliwa na Hanna Diyab, Mkristo wa Aleppo, walipokutana Paris mwaka 1709, akaichapisha 1712. Mule ndani Aladdin anaishi China, na binti sultani anaitwa Badr al-Budur. Huyu hajakaa akingoja kuokolewa tu. Mchawi alipomteka, yeye ndiye aliyemkaribisha mezani, akamchekea, akampa kikombe chenye sumu aliyoletewa na mumewe. Mchawi akaanguka pale pale.

Disney walibadilisha jina, mji na nguo. Awali hadithi yao ilikuwa iwe Baghdad. Ikaja Vita vya Ghuba mwaka 1991, wakaona bora mji wa kubuni, wakauita Agrabah.

Filamu ilipotoka, Waarabu wa Marekani walikuwa wa kwanza kulalamika. Jumuiya yao ya kupinga ubaguzi, pamoja na mwanazuoni Jack Shaheen na mtangazaji wa redio Casey Kasem, walisema wimbo wa ufunguzi unawatukana: unaitaja nchi ya Waarabu kama mahali pa kukatana masikio na pa ushenzi. Wakasema pia kwamba Aladdin na Jasmine wanazungumza Kiingereza cha Kimarekani kabisa, lakini walinzi na wafanyabiashara wabaya wamepewa lafudhi ya kigeni na mapua makubwa. Yaani Mwarabu mzuri ni yule asiyefanana na Mwarabu. Mwaka 1993 Disney walibadilisha mstari wa masikio kwa kanda za video, ule wa ushenzi wakauacha. Gazeti la New York Times likaandika tahariri kusema hiyo haitoshi. Mstari wa pili ulibadilishwa katika filamu mpya ya waigizaji ya 2019, miaka 26 baadaye!

Msidhani katuni haina uzito. Desemba 2015 kampuni moja ya kura za maoni Marekani iliwauliza wapiga kura kama wanaunga mkono Agrabah ipigwe mabomu. Asilimia 30 ya wa chama cha Republican walisema ndiyo, na asilimia 19 ya wa Democrat vile vile. Mji wa katuni, wapenzi! Jina tu lenye sauti ya Kiarabu liliwatosha.

Tuje kwa Jasmine mwenyewe, maana hapa maoni yamegawika pande mbili. Waliompenda walimpenda kwa sababu, kabla yake, mabinti wafalme wote wa Disney walikuwa wa Kizungu. Huyu ana nywele nyeusi na ngozi yetu, anawakataa wachumba asiowataka, na anamwambia baba yake wazi kwamba hatagawiwa kama zawadi. Waliomlalamikia waliangalia zile nguo: tumbo wazi, mabega wazi, mbele ya wanaume wa kila aina.

Mimi kama fundi nguo nawaambia, nguo ile haikutoka Arabuni. Imetoka kwenye michoro ya Wazungu waliojichorea wanawake wa majumba ya masultani, majumba ambayo mwanamume mgeni haruhusiwi kuingia. Binti sultani wa kweli tunaye hapa Unguja. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni. Vazi lake linajulikana: suruali ndefu, kanzu juu yake, kitambaa cha kichwa, na barakoa usoni. Heshima na urembo vilikaa pamoja, na mabibi harusi wanaotaka mtindo wa kisultani wangepata mengi humo.

Tena mtazameni Jasmine wa 1992 vizuri. Hana mama, hana shangazi, hana dada, hana somo. Rafiki yake ni chui milia. Jumba la Salme lilijaa wanawake: mama, masuria, dada na watumishi. Wasichana walifundishwa kusoma bila kuandika, yeye akajifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Qur'an kwenye mfupa wa bega la ngamia. Maisha yake ya baadaye yalimpeleka Ujerumani, na huko mwaka 1886 alitoa kitabu ambamo, pamoja na mengine, aliwaeleza Wazungu kwamba wanawake wa Mashariki sivyo wanavyowadhania. Miaka zaidi ya mia kabla ya Jasmine, lalamiko lilikuwa lile lile.

Filamu ya 2019 ilijaribu kurekebisha. Nguo zilisitiri zaidi, Jasmine akapata mwandani wa kike, na mwisho anakuwa sultani yeye mwenyewe. Aliigiza Naomi Scott, Mwingereza ambaye mama yake alizaliwa Uganda katika ukoo wa Kigujarati. Wapo waliofurahi, na wapo waliouliza kwa nini hakuchaguliwa Mwarabu, kana kwamba watu wa Mashariki wote ni mmoja.

Langu ni hili. Katika katuni, sheria inamlazimisha binti aolewe, mpaka sultani aibadilishe ndipo achague mwenyewe. Mtoto akitazama atadhani ruhusa ya kuchagua ni jambo geni kwa Waislamu. Mwambieni habari ya Khansaa bint Khidaam, iliyopokewa na Bukhari. Baba yake alimuoza naye hataki, akaenda kwa Mtume ﷺ, na Mtume akaivunja ndoa ile. Haki hiyo tunayo kwa zaidi ya miaka 1,400.

Na wewe bibi harusi unayesoma hapa, ukiulizwa kama umeridhia, sema lililo moyoni mwako. Kama posa imepokelewa na mahari yanapangwa na hakuna aliyekuuliza, mwendee walii wako, au mtume mama au shangazi, uulizwe kabla siku haijafika.

Maa salaam.