Kuvu Haiogopi Sufuria

Hapa Watamu kuvu haikosi pa kulala. Joto lipo, unyevu wa bahari upo, na gunia la mahindi likiachwa sakafuni wakati wa masika utaona kijani kwenye punje. Wazee walilijua hilo zamani: mahindi yalipandishwa uchagani, juu ya meko, moto na moshi vikayakausha polepole. Mimi chuo sikumaliza, lakini nikitazama uchaga naona maabara.

Wasomi walichelewa. Mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga. Msako ukaishia kwa kuvu iitwayo Aspergillus flavus, na sumu yake ikapewa jina: aflatoksini. Kwetu haikuishia kwa ndege. Mwaka 1981 iliua watu 12 Machakos. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Wengi walikula mahindi ya shamba lao wenyewe, yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Yaani ugali wa nyumbani kabisa! Na kuupika hakukuwaokoa, maana sumu hii haiogopi sufuria.

Sasa watafiti wanajaribu maji ya plazma. Jina hilo lilitolewa 1928 na Mmarekani Irving Langmuir. Ni gesi iliyopata nguvu nyingi hadi atomu zake zikapoteza elektroni. Radi inayopasua anga yetu ni plazma pia. Plazma ikigusa maji, yanageuka tindikali, yanabeba haidrojeni peroksaidi na naitreti, na spora nyingi za kuvu zikioshwa humo hufa. Umeme, hewa na maji tu. Hakuna dawa ya dukani.

Inavutia, si uongo. Ila kuua kuvu si kuondoa sumu ambayo imeshaingia kwenye punje. Tena mahindi yaliyooshwa lazima yakaushwe upya, unyevu ushuke hadi asilimia 13.5 au chini zaidi, la sivyo kuvu nyingine itahamia. Kwa hiyo hata mashine ikifika kesho, swali litabaki lile la bibi zetu: yatakaukia wapi?

Mkulima wa hapa akiniuliza aanzie wapi, nitamwambia turubai, kipimo cha unyevu na ghala linalopitisha hewa. Hayo maji ya radi yafuate baadaye.