Stata

Pale Matonge, kwenye Chaussée de Wavre jijini Brussels, fundi aliyesomea kazi kwa Kifaransa akikwambia “vuta stata, ndugu yangu,” usikimbilie ufunguo. Kwa Kifaransa starter ndiyo choki yetu. Stata yetu, mota ya kuzungusha injini, wao huiita démarreur. Neno moja la Kiingereza limetufikia kwa njia mbili.

Kwenye gari la zamani, asubuhi ya Januari, tofauti hiyo ni kubwa. Petroli ikiwa baridi haigeuki mvuke upesi. Choki hubana hewa kwenye kabureta, mafuta yakazidi, injini ikawaka. Ikishapata moto, rudisha choki taratibu, la sivyo plagi zitajaa masizi. Mimi nashika neno choki, maana stata ina kazi yake tayari.