Bunge la Bulgaria na Majina ya Waislamu
Katika Suratul Ahzab, aya ya 5, Mwenyezi Mungu ameamrisha watoto wa kulea waitwe kwa baba zao. Nasaba ni amana. Tuzingatie basi yaliyowafika Waturuki wa Bulgaria. Kuanzia Desemba 1984, serikali ya Todor Zhivkov iliwalazimisha kuchukua majina ya Kibulgaria, na Kituruki kikapigwa marufuku hadharani. Mwaka 1989 zaidi ya 300,000 walihamia Uturuki. Machi 1990 Bunge lilipitisha sheria ya kuwaruhusu kurejesha majina yao. Januari 2012 Bunge likatamka kuwa kufukuzwa kule kulikuwa aina ya safisha-safisha ya kikabila. Wabunge hawakuwapa kitu kipya. Walirudisha haki iliyoporwa. Jina la akika ni haki ya mzazi na mtoto, si ya serikali.