Msafara Uliisha, Posho Ikabaki: Arusha na Safari ya Kikazi

Safari ya kikazi ya mtu mmoja, mwenye begi mkononi na barua ya mwaliko mfukoni, si jambo la kale Afrika Mashariki. Katika karne ya 19 biashara ya bara ilikwenda kwa msafara: kirangozi mbele na bendera, wapagazi nyuma yake, askari pembeni. Aliyeonekana njiani peke yake alikuwa mgonjwa, mtoro au aliyepotea. Msafara huo umekwisha, lakini umeacha neno moja linalotumika ofisini hadi leo. Posho ilikuwa riziki ya mpagazi, chakula chenyewe au kitambaa na shanga za kubadilishana na chakula vijijini. Uganda neno limebaki kwenye sahani, likimaanisha ugali. Tanzania limehamia kwenye bahasha ya mjumbe wa mkutano.

Kilichomtenga msafiri na wenzake ni ofisi. Karani wa serikali ya kikoloni alipewa waranti ya treni, akapanda mwenyewe, akashuka mwenyewe, na aliporudi alitakiwa kueleza kila senti. Arusha, iliyokuwa boma la Wajerumani tangu mwaka 1900 na baadaye mji wa mashamba ya kahawa, ilifikiwa na reli mwaka 1929. Hata hivyo haikuwa na sababu ya kupokea wajumbe wengi. Sababu ilikuja mwaka 1967, pale Kenya, Uganda na Tanzania zilipounda Jumuiya ya Afrika Mashariki na kuweka makao makuu yake hapo. Maofisa wa Kampala, Nairobi na Dar es Salaam wakawa wageni wa kila wiki. Mwaka 1971 ukafunguliwa Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, takriban kilomita 50 kutoka mjini, na Jumuiya ikajengewa jengo la mabawa matatu: Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro.

Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika. Tanzania ikajikuta na jumba la nchi tatu lisilo na mwenyewe, na mwaka uliofuata ikalikabidhi kwa shirika jipya la umma, Kituo cha Kimataifa cha Mikutano cha Arusha, AICC. Kwa mfanyabiashara yeyote huo ulikuwa wakati mbaya wa kufungua duka. Mpaka na Kenya ulikuwa umefungwa, na ulibaki hivyo hadi 1983, kwa hiyo mgeni aliyezoea kushuka Nairobi na kupita Namanga alikosa njia. Juu ya hayo vikaja vita vya Kagera kati ya Tanzania na Uganda. Na bado, Februari 1979, majeshi ya Tanzania yakiwa ndani ya ardhi ya Uganda, mawaziri wa Kundi la 77, umoja wa nchi zinazoendelea, walikutana Arusha na kumsikiliza Rais Nyerere akiwahimiza maskini wa dunia waungane kama wafanyakazi wanavyoungana katika chama chao. Siasa ndiyo iliyoujaza ukumbi. Biashara ilifuata baadaye.

Miaka ya 1990 ilileta wageni wa aina nyingine. Mkataba wa amani wa Rwanda ulisainiwa Arusha Agosti 1993. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ikapanga katika mabawa yale yale. Mjumbe wa kawaida hukaa siku tatu. Mawakili, wakalimani na wapelelezi wa mahakama walikaa miezi, wengine miaka, na mji ukazoea kutaja kodi ya nyumba kwa dola. Mazungumzo ya Burundi, yaliyosimamiwa na Nyerere hadi kifo chake na kisha na Mandela, yalizaa mkataba Agosti 2000. Jumuiya nayo ilikuwa imefufuliwa kwa mkataba wa Novemba 1999.

Mjumbe mdogo, yule wa halmashauri au wa shirika la umma, hana historia iliyoandikwa, lakini nyayo zake zinaonekana. Alfajiri alipanda basi Dar es Salaam, akachimba dawa kando ya barabara ya Korogwe, akafika jioni na vumbi. Kibindoni alikuwa na masurufu, fedha ambayo si yake mpaka atakapoitolea hesabu. Kwa kuwa posho ya kujikimu hulipwa kwa kiwango, wengi walilala gesti ya bei nafuu, na kilichobaki kikawa mabati au ada ya mtoto. Kuuita huo wizi ni kutotazama mshahara ulivyokuwa. Mapokezi palikuwa na daftari refu lililopigwa mistari kwa rula: jina, kabila, kazi, unakotoka, unakokwenda, sahihi. Chumbani chandarua kimefungwa fundo, kipande cha sabuni, na kandambili zilizokatwa ncha makusudi ili zisiondoke na mgeni.

Kuanzia 2012 wapangaji wakubwa wa AICC walianza kupungua. Mwaka huo Jumuiya ilizindua makao yake yenyewe. Mwaka 2013 Dar es Salaam ikapata kituo chake cha mikutano, kilichopewa jina la Nyerere. Mahakama ya Rwanda ilifunga milango mwisho wa 2015, wiki chache baada ya Rais Magufuli kuzuia safari za nje za watumishi wasio na kibali. Kisha mwaka 2020 korona ikahamishia vikao kwenye skrini. Katika vikao hivyo mjumbe alijiunga akiwa nyumbani kwake, na posho ya kujikimu haikuwa na pa kuingilia, maana hakuna aliyelala nje ya kituo chake cha kazi.