Zulia, Vumbi na Mikono ya Kazi: Sura Moja ya Historia ya Usafi wa Nyumbani

Chombo kipya kinapoingia nyumbani, watu wengi huamini kwamba kimekuja kumpumzisha anayefanya kazi. Imani hiyo haina budi kuchunguzwa kabla ya kukubaliwa. Historia ya usafishaji wa mazulia huko Uingereza na Marekani, tangu miaka ya 1840 hadi miaka ya 1960, ni mfano unaofaa kwa uchunguzi huo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mashine zilipunguza uzito wa kazi hiyo pasipo kupunguza saa za kazi za mama wa nyumbani, na kwamba kazi iliyokuwa ya watu wengi iliangukia mikononi mwa mtu mmoja.

Msamiati wa Kiswahili wenyewe unatoa mahali pa kuanzia. Lugha hii inayo mkeka, jamvi, busati na zulia. Mkeka na jamvi husukwa kwa majani makavu. Busati ni neno lenye asili ya Kiarabu, na zulia ni ndugu ya neno litumiwalo na Waarabu wa Ghuba. Biashara ya Bahari ya Hindi iliunganisha pande hizo mbili kwa karne nyingi. Mkeka na jamvi hutandikwa, kisha hutanduliwa. Ndiyo maana msemaji anayetaka kumaliza shughuli husema kwamba anakunja jamvi. Kitu kinachokunjwa hutolewa uani, hukung'utwa na kuanikwa juani, na yeyote aliye karibu aweza kushika pembe moja. Mambo hubadilika pale ambapo kitandikwacho kinapigiliwa sakafuni kisiweze kukunjwa tena.

Hayo ndiyo yaliyotokea katika nyumba za watu wa tabaka la kati katika karne ya 19. Huko Massachusetts, Erastus Bigelow aliunda mitambo ya kufumia mazulia kwa nguvu ya mashine, na kuanzia miaka ya 1840 bei ya zulia ilianza kushuka. Familia ambazo hapo awali zilikuwa na sakafu tupu zilitandika zulia kutoka ukuta hadi ukuta na kulifunga kwa misumari midogo. Kila siku mtumishi alinyunyiza majani ya chai yaliyokwisha kutumika, yangali na unyevu, ili yashike vumbi, kisha akafagia. Lakini moshi wa makaa ya mawe na matope ya barabarani havikuondoka kwa ufagio. Kwa hiyo mara moja kwa mwaka, baridi ilipokwisha, misumari iling'olewa, zulia likabebwa nje, likatundikwa kambani na kupigwa kwa kipigio cha henzirani au cha waya.

Kazi hiyo ilikuwa nzito na yenye vumbi la kukohoza. Hata hivyo ilikuwa na sifa mbili ambazo mwanahistoria hapaswi kuzipuuza: ilikuwa na msimu wake, na ilihitaji watu wengi. Wanaume wa nyumbani walibeba, watoto walipiga, na wenye uwezo waliajiri vibarua.

Uvumbuzi ulifuata kwa hatua. Mnamo 1876, Melville Bissell wa Grand Rapids, Michigan, aliyekuwa na duka la vyombo vya udongo, alipata hati ya kulinda uvumbuzi wa kifagio chenye magurudumu na brashi inayozunguka. Alipofariki mwaka 1889, mkewe Anna ndiye aliyeshika uongozi wa kampuni. Mwaka 1901, mhandisi Mwingereza Hubert Cecil Booth alibuni mashine ya kufyonza vumbi. Mashine hiyo ilikuwa kubwa mno, ikavutwa na farasi na kusimamishwa barabarani, nayo mipira mirefu ikapitishwa madirishani. Mwaka 1902 ilitumiwa kusafisha mazulia ya Westminster Abbey kabla ya kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba.

Jambo la kuzingatiwa hapa ni kwamba Booth hakumwuzia mama wa nyumbani kifaa, bali aliuza huduma. Mashine ilikuja pamoja na wafanyakazi wake, ikafanya kazi, ikaondoka. Laiti njia hiyo ingaliendelea kuwa ndiyo kuu, huenda usafishaji wa zulia ungalitoka kabisa katika orodha ya kazi za nyumbani.

Njia iliyoshinda ilikuwa nyingine. James Murray Spangler, mfagiaji wa jengo huko Canton, Ohio, aliyesumbuliwa na pumu, aliunda mashine ndogo ya umeme na kupata hati yake mwaka 1908. William Hoover, mtengenezaji wa bidhaa za ngozi, aliinunua haki hiyo na kuanza kuziunda mashine hizo kwa wingi. Kadiri umeme ulivyoenea, wachuuzi walipita mlango kwa mlango. Mwaka 1920 takriban theluthi moja ya nyumba za Marekani zilikuwa na umeme. Kufikia 1930 zilikuwa kama theluthi mbili.

Matokeo yake hayakuwa yale yaliyotangazwa. Mtafiti Joann Vanek alionyesha mwaka 1974 kwamba wanawake wa Marekani wasio na ajira nje ya nyumba walitumia saa 52 hivi kwa wiki katika kazi za nyumbani mnamo 1924, na saa 55 hivi katika miaka ya 1960. Mwanahistoria Ruth Schwartz Cowan, katika kitabu chake cha mwaka 1983, alieleza sababu. Mume na watoto waliondolewa katika kazi hiyo, watumishi walipungua, na zulia lililokung'utwa mara moja kwa mwaka sasa lilitarajiwa kusafishwa kila wiki. Aidha, elimu ya vijidudu ilikuwa imelifanya vumbi kuwa tishio kwa afya, hivyo zulia chafu likahesabiwa kuwa kosa la mama.

Haifai kuhitimisha kwamba mashine ilikuwa hasara. Hakuna aliyetamani kurudia kipigio cha henzirani, na mapafu ya wengi yalinusurika. Lakini nguvu zilizookolewa na muda uliookolewa ni vitu viwili mbalimbali. Anayetaka kujua kama chombo fulani kilipunguza kazi hana budi kuuliza nani aliifanya kabla yake, mara ngapi, na kwa msaada wa nani. Kisha aulize maswali hayohayo juu ya siku zilizofuata.