Filamu Isiyosema Neno

Ndugu msikilizaji, juma hili nataka nikusimulie habari za filamu ya dakika kama 14 tu, inayoitwa P.M. Ilipigwa Havana, mji mkuu wa Kuba, na vijana wawili, Sabá Cabrera Infante na Orlando Jiménez Leal. Walibeba kamera yao wakaingia usiku katika mabaa ya watu wa kawaida.

Nilipoitazama nilingoja msimulizi aanze kunieleza. Hakuna. Boti inavusha watu bandarini. Watu wanakunywa, wanacheza, wanabishana, wanakula. Kisha boti inawarudisha kwao. Basi, imekwisha. Hakuna aliyeitukana serikali, wala aliyeisifu.

Mwaka 1961 televisheni iliionyesha bila matata. Lakini wenyewe walipoomba kibali cha kuipeleka kwenye majumba ya sinema, chombo cha serikali cha filamu kilikataa. Wakubwa walisema inadhuru mapinduzi. Nasi tukumbuke wakati wenyewe: Aprili mwaka huohuo nchi ilikuwa imevamiwa katika Ghuba ya Nguruwe. Wananchi walikuwa wameshika bunduki. Iweje sinema iwaonyeshe walevi? Hofu hiyo naielewa. Hata hivyo, wale walevi nao walikuwa wananchi.

Waandishi na wasanii walilalamika. Mwezi Juni wakaitwa Maktaba ya Taifa kwa mikutano mitatu, na katika wa mwisho Fidel Castro akatoa hotuba iliyoweka mpaka: walio ndani ya mapinduzi wana nafasi, wanaoyapinga hawana. Nani atakayepima, hilo lilibaki mikononi mwa serikali. Mwaka haujaisha, gazeti la fasihi la Lunes de Revolución, lililoitetea filamu ile, likafungwa. Baadaye vijana wote wawili waliishia uhamishoni.

Mimi nimejifunza jambo moja. Mkaguzi akikutana na tusi, anajua la kufanya. Akikutana na sifa, anafurahi. Kinachomtia kiwewe ni picha ya watu walivyo, isiyomwambia mtazamaji afikiri nini.

Leo hotuba za mwaka ule zimejaa maktabani. Lakini anayetaka kuona jinsi watu wa Havana walivyocheka na kucheza usiku ule hana budi kuitafuta filamu ile iliyokataliwa. Bahati njema haikupotea.

Tukutane juma lijalo, inshallah.