Mafuta Aliyoyaona Ibn Battuta

Katika watu waliotuachia khabari za pwani yetu ya zamani, wachache wanatajwa kama anavyotajwa Ibn Battuta wa Tanja. Mwaka 1331 alipita Mombasa akielekea Kilwa, na katika aliyoyaandika juu ya Mombasa ni kwamba misikiti yake ilikuwa ya mbao zilizojengwa madhubuti, na kwamba kila atakaye kuingia msikitini huosha miguu yake kwanza kwa maji ya kisima kilicho karibu na mlango, kisha akaifuta kwenye mkeka. Ni jambo dogo, lakini tukilisoma twawaona wazee wetu kana kwamba wamesimama mbele yetu. Ndivyo alivyokuwa msafiri yule. Hakuandika khabari za masultani peke yao, bali aliandika pia watu walikula nini, walivaa nini na walijipaka nini.

Miaka 21 baadaye mtu huyo huyo alifunga safari yake kubwa ya mwisho. Mwanzoni mwa mwaka 753 wa Hijra, yaani Februari 1352, alitoka Sijilmasa kusini mwa Moroko pamoja na msafara wa wafanya biashara, akalikata jangwa kwa muda wa miezi miwili mpaka Walata, kisha akaendelea mpaka mji mkuu wa sultani wa Mali. Njiani, baada ya kuiacha Walata, aliona tunda ambalo wenyeji walikuwa wakiliita gharti. Lilikuwa tamu sana, asema, ingawa huwadhuru watu weupe wakilila. Lakini kilichomvutia zaidi ni kokwa yake. Kokwa hiyo hupondwa yakatoka mafuta, na mafuta hayo kwa watu wa nchi ile yalikuwa na kazi nyingi: walipikia, waliwashia taa, walikaangia mikate yao, walijipaka mwilini, na waliyachanganya na udongo wakatomelea kuta za nyumba zao kama sisi tunavyopaka chokaa. Yalikuwa mengi na rahisi, yakibebwa kutoka mji hata mji katika mabuyu makubwa.

Basi gharti ndilo tunda la mti ambao leo mafuta yake yanauzwa katika maduka ya Mombasa na Dar es Salaam kwa jina la shea. Wafaransa huyaita karité, na ukilitamka neno hilo polepole utalisikia gharti ndani yake. Na hilo neno shea limetokana na lugha ya Wabambara wa Mali. Kwa hivyo kijana anayedhani kwamba mafuta haya yalibuniwa na makampuni ya vipodozi ya Ulaya na ajue kwamba Waislamu wa Mali walikuwa wakijipaka karne nyingi kabla ya makampuni hayo kuwako. Na hata wao hawakuwa wa kwanza. Huko Burkina Faso, katika kijiji cha kale kiitwacho Kirikongo, wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta maganda ya kokwa za shea ya tangu kiasi cha mwaka 100 baada ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.). Mwaka 2016 walitoa matokeo ya uchunguzi wao, yakionyesha watu wa mahali pale wakiendelea na kazi hii kizazi baada ya kizazi kwa zaidi ya miaka elfu.

Yako, hata hivyo, ambayo msafiri wetu hakuyaandika. Alitaja kokwa kupondwa, wala hakusema ni nani aliyekuwa akiponda. Pengine hakuona haja, kwani mgeni wa kiume aliyekaribishwa na makadhi na watawala huyaona mafuta yakiwa tayari katika taa. Kazi ile ni ya wanawake, na hata leo iko mikononi mwao, tangu Senegal mpaka Uganda.

Nawe, mama uliyewahi kupika mafuta ya nazi nyumbani, utaifahamu mara moja. Wewe wajua taabu ya kukuna nazi, kukamua tui, na kukaa juu ya moto mpaka mafuta yakajitenga. Sasa izidishe taabu hiyo mara nyingi. Mti wa shea haupandwi shambani kama mnazi. Huota wenyewe, na mkulima anapofyeka shamba huuacha umesimama katikati ya mtama wake. Unaweza kukaa miaka 15 au 20 kabla ya kuzaa vizuri, kisha ukaishi zaidi ya umri wa watu wawili. Matunda huanguka yenyewe wakati wa mvua, na wanawake hutoka alfajiri kuyaokota chini, wakichungua majani kwa khofu ya nyoka. Nyama ya tunda huliwa. Kokwa huchemshwa, huanikwa juani siku kadhaa, huvunjwa, na kiini kilicho ndani huanikwa tena. Kisha viini hukaangwa, hutwangwa kinuni na kusagwa juu ya jiwe mpaka vikawa uji mzito wa rangi ya kahawia.

Hapo ndipo ilipo kazi yenyewe. Uji ule hutiwa maji, ukapigwa na kukandwa kwa mikono miwili, mara maji ya baridi mara ya uvuguvugu, na mwenye kukanda hujua kwa mkono wake tu ni lini aongeze yapi. Baada ya muda mrefu mafuta hupanda juu kama povu jeupe. Huenguliwa, huoshwa, huchemshwa ili maji yaishe, huchujwa, na hukorogwa mpaka yakaganda. Akikosea joto la maji, kazi ya siku nzima huharibika. Na kuni na maji ya kazi hiyo ni yeye huyo huyo aliyeyatafuta.

Mskochi Mungo Park, aliyefika nchi ya Wabambara mwaka 1796, alipishana na watu wakiokota matunda haya kila mahali. Katika kitabu chake cha mwaka 1799 alisema siagi yake ni nyeupe na ngumu kuliko siagi ya maziwa ya ng'ombe, tena hukaa mwaka mzima bila chumvi. Aliisifu sana, na wafanya biashara wa kwao wakasikia. Siku hizi sehemu kubwa ya shea inayopelekwa ng'ambo haijipaki mtu. Huliwa. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2000 iliruhusu asilimia 5 ya chakleti kuwa mafuta mengine yasiyo ya kakao, na shea ni mojawapo. Viini hununuliwa vikavu kwa magunia na kukamuliwa katika viwanda, na yule bibi wa alfajiri hubaki na bei ya gunia.

Wala tusidhani kwamba khabari hii ni ya watu wa mbali. Mti huu uko kwa jirani zetu, kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini. Waacholi na Walango huyaita mafuta yake moo yaa. Aina yao ni laini zaidi kuliko ile ya magharibi, na penye joto huwa maji kabisa. Lakini nchi hiyo iliingia vitani katika miaka ya 1980, watu wakahamishiwa makambini kwa miaka mingi, na baada ya amani wakaja wachoma mkaa. Mti wa shea ni mgumu na mkaa wake ni mzuri, na hilo ndilo balaa lake. Mwezi wa Mei 2023 Rais wa Uganda alitoa amri ya kupiga marufuku mkaa wa biashara katika sehemu ya kaskazini. Amri ni jambo jema, lakini mwenye njaa na mwenye lori hukutana usiku.

Sasa, kwa mwenye kutaka kuyatumia nyumbani. Nunua yale yasiyosafishwa kiwandani. Utayajua kwa rangi yake ya manjano au ya kijivu na harufu yake ya kokwa iliyokaangwa. Yaliyo meupe pe na hayana harufu yoyote yamesafishwa. Hayadhuru, lakini muuzaji asikutoze bei ya yale mengine. Chukua vijiko vitatu vya shea na kimoja cha mafuta ya nazi, uweke bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, si juu ya moto wenyewe. Yakiyeyuka yaepue, utie matone machache ya mafuta ya asumini ukipenda, kisha uyapoze upesi katika maji ya baridi huku ukiyapiga kwa uma. Yakipoa polepole hufanya chembechembe kama mchanga. Chupa iwe kavu kabisa. Kwa nywele ongeza mafuta ya mbarika kidogo, ujipake zikiwa bado na unyevu. Kazi yake ni kuzuia ngozi na nywele zisikauke. Anayekwambia kuwa yataotesha nywele au yatabadili rangi yako, huyo anauza maneno.

Imebaki suala moja ambalo wake zetu huliuliza: je, mafuta haya huzuia udhu? Imam Nawawi katika Majmu' amepambanua. Kitu chenye mwili, kama nta au unga uliokandwa, kikizuia maji yasifike kwenye ngozi, tohara haisihi. Ama athari ya mafuta ya majimaji, ambayo maji huigusa ngozi na kupita juu yake ijapokuwa hayatulii, haidhuru. Shea ni vyote viwili. Katika chupa huganda, na juu ya ngozi yenye joto huyeyuka. Kwa hivyo aliyejipaka kidogo likabaki ng'aro tu, maji yatapita. Na aliyejipaka kwa wingi usiku wa kipupwe, akaamka visigino vyake vina mafuta yaliyoganda, na ayafute kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu kabla hajatawadha kwa sala ya alfajiri.